Nani anaujenga utando wa seli, na anajuaje umetosha?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa Busia, upande wa Uganda:

"Nilikuwa nafundisha utando wa seli darasa la Senior Five. Msichana mmoja akaniuliza: 'Mwalimu, seli moja ikigawanyika ikawa mbili, utando wa ile ya pili unatoka wapi? Nani anaujenga, na anajuaje kwamba umetosha?' Nikamjibu kuwa unajengwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa tando ulio ndani ya seli. Akasema: 'Hapo ni mahali, mwalimu. Mimi nimeuliza nani.' Darasa likaangua kicheko, nami nikabaki nimeshika chaki. Jioni nikafungua kitabu nikakuta fosfatidilkolini inatengenezwa kwa njia mbili, lakini hakisemi kwa nini mbili. Naomba msaada. Na kama kuna cha kuonyesha darasani bila maabara ya maana, nitashukuru."

Ndugu mwalimu, pole, lakini huyo msichana yuko sahihi. Mtu akiuliza nani kapika ukamjibu "jikoni", hujamjibu. Wapishi wapo, wana majina, na aliye muhimu kuliko wote mara nyingi hata haonekani jikoni. Ni vimeng'enya, protini zinazoendesha kemia ya seli; wanafunzi wako watasema enzaimu, na sioni sababu ya kuwagombeza. Sitawataja wote, maana orodha ingejaza ubao na ungelazimika kuufuta kabla hujamaliza. Nitataja wanaotosha kujibu swali lake, kisha nikae kwenye lile neno la mwisho, "umetosha". Hapo ndipo penye utamu, na ndipo vitabu vya shule hupita mbio.

Kwanza kinachojengwa. Utando una unene wa nanomita 5 hivi. Panga tando 20,000 moja juu ya nyingine ndipo upate unene wa karatasi moja ya daftari. Kiunzi chake ni fosfolipidi: kichwa kinachopenda maji, na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia, vyote vimefungwa kwenye kigogo kifupi cha gliseroli. Kinachozitofautisha ni kichwa. Kikiwa cha kolini unapata fosfatidilkolini, ambayo peke yake ni karibu nusu ya fosfolipidi zote za seli ya mamalia. Kikiwa cha ethanolamini unapata fosfatidilethanolamini, inayofuata kwa wingi. Kuna ya serini, kuna ya inositoli, na mitokondria wana yao ya pekee, kadiolipini, yenye mikia minne. Majina haya yanachosha ulimi, kwa hiyo kuanzia hapa nitasema tu "ya kolini", "ya ethanolamini", "ya serini".

Kazi huanza na gliserofosfati, ambayo seli huichota kwenye uvunjaji wa sukari. Kundi la vimeng'enya liitwalo GPAT hupachika mkia wa kwanza, kundi la AGPAT likapachika wa pili. Inapatikana asidi ya fosfatidi, na hapo ndipo penye njia panda. Upande mmoja, kimeng'enya kiitwacho lipini hukata fosfati na kubakiza diasilgliseroli, ambayo inaweza kuwa ya kolini, ya ethanolamini, au ikapewa mkia wa tatu ikawa mafuta ya akiba, yale yanayojaa kiunoni. Upande wa pili, asidi hiyo inaunganishwa na sitidini, na hiyo ndiyo njia ya inositoli na ya kadiolipini. Mwambie msichana wako aitie alama njia panda hiyo kwenye daftari: malighafi ni ile ile, na seli inaamua kama itajenga ukuta au itajaza ghala.

Sasa tuifuate ya kolini. Kolini inaingia kutoka kwenye chakula. Kimeng'enya kiitwacho kolini kinasi huifunga fosfati kwa kutumia ATP, sarafu ya nishati ya seli, ili isitoke tena nje ya seli. Kimeng'enya cha pili huiunganisha fosfokolini hiyo na CTP, ile yenye sitidini, ndugu yake ATP ambaye wanafunzi wako wanamjua kutoka kwenye somo la RNA, na kutoa CDP-kolini. Cha tatu huihamisha fosfokolini kutoka kwenye CDP na kuikabidhi diasilgliseroli. Basi, fosfolipidi imepatikana. Hatua tatu, vimeng'enya vitatu, nayo huitwa njia ya Kennedy.

Napenda kuwasimulia wanafunzi jinsi CTP ilivyojulikana, kwa sababu ilijulikana kwa uchafu. Eugene Kennedy na Samuel Weiss, wakifanya kazi Chicago, walikuwa wanaipa dondoo ya ini fosfokolini pamoja na ATP na kutazama kama itaingia kwenye lipidi. Wakitumia ATP ya fuwele, safi kabisa, haikuingia. Wakitumia ATP ya daraja la chini, ikaingia. Mtu mwingine angeinunua ile ya daraja la chini kila siku na kuendelea na maisha. Wao wakauliza kuna nini humo ndani, wakakuta CTP kidogo iliyochanganyika kwa bahati. Walichapisha mwaka 1956. Tangu hapo ikaeleweka kwamba kazi hii ya kujenga utando inalipiwa kwa sitidini, na kwamba ATP iliyosafishwa sana ilikuwa imeondolewa kile hasa kilichotakiwa.

Kati ya vimeng'enya vile vitatu, cha katikati ndicho mkuu. Jina lake refu tuliache; wote tunakiita CCT. Wa kwanza na wa tatu kwa kawaida wana nguvu ya kutosha. CCT ndicho kinachoamua kasi. Ukitaka kujua kwa nini seli inajenga au imeacha kujenga, kiulize hicho.

CCT ni protini inayoweza kuelea majini. Ikielea, haifanyi kazi: kipande chake chenyewe kimekaa mlangoni kwa kiwanda chake na kuuziba. Kuifungua kunahitaji utando, lakini si utando wowote. Fosfolipidi ya kolini ina kichwa kipana kinacholingana na mikia yake, kama silinda, na zikipangwa pamoja zinabanana sawasawa bila kuacha ufa. Ya ethanolamini ina kichwa kidogo. Diasilgliseroli haina kichwa cha maana kabisa. Zile za kolini zikipungua na hizi nyingine zikazidi, uso wa utando hupata nyufa ndogo ambapo mafuta ya ndani yanachungulia maji ya nje. CCT ina kipande kirefu kilicholegea, chenye upande mmoja wa mafuta na upande mwingine wa maji. Kipande hicho kikikutana na nyufa, kinajisokota kama springi na kulala humo, upande wa mafuta chini, upande wa maji juu. Kikilala, kile kizuizi cha mlangoni kinavutwa kando. Kimeng'enya kinaanza kazi.

Fikiria taksi za Kampala, zile ambazo ng'ambo ya mpaka wenu zinaitwa matatu. Kondakta anapiga kelele "bado mmoja, bado mmoja", lakini ukweli unajulikana abiria anapoingia: kama kuna nafasi kwenye kiti anaketi, kama watu wamebanana anarudi mlangoni akiwa ameinama. CCT ni abiria wa namna hiyo, ila huyu akipata kiti ndipo anaanza kutengeneza abiria wengine. Wanajazana, nafasi zinaziba, naye mwenyewe anasukumwa nje. Hakuna msimamizi aliyehesabu. Nafasi yenyewe ndiyo iliyoagiza, na nafasi yenyewe ndiyo iliyosema basi.

Hilo ndilo jibu la sehemu ya pili ya swali la msichana, na wewe uliseme hivyo hivyo bila kulizungusha: anayejua kama utando umetosha ni utando. Michoro ya vitabuni inatupotosha kwa sababu mishale yake inaonyesha kana kwamba kila kitu kinaelea ndani ya bilauri moja ya maji, A ikawa B ikawa C. Vimeng'enya hivi karibu vyote vimekaa ndani ya utando au juu yake, vinakanyaga bidhaa yao wenyewe siku nzima. Mchoro usioonyesha hilo umeacha jambo lenyewe.

Na huyo CCT anakaa wapi? Aina yake iliyo ya kawaida zaidi ina anwani ya kwenda kwenye kiini cha seli, na katika seli nyingi humo ndimo inamokutwa, ikiugusa utando wa ndani wa kiini. Kiswahili kimetufanyia utani hapa, kwa sababu fosfatidilkolini ilijulikana kwanza kwenye kiini cha yai: Mfaransa Gobley aliitoa humo katikati ya karne ya 19 na kuiita lesithini, kwa neno la Kigiriki la kiini cha yai. Kwa hiyo bidhaa imejaa kwenye kiini kimoja na msimamizi wake anajificha kwenye kiini kingine. Wanafunzi husahau mengi lakini hilo hawalisahau.

Ila kuna nusu nyingine ya "umetosha", nami niliielewa kwa hasara. Miaka mingi iliyopita, katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi, tulihifadhi vipande vya ini la panya kwenye friza. Stima ilipotea Ijumaa usiku, jenereta haikuwashwa, na Jumatatu asubuhi vipande vilikuwa vimelainika kama embe lililoiva kupita kiasi. Nikaona nisivitupe, nikavitoa lipidi na kuziendesha kwenye bamba la silika. Ukiliweka bamba hilo ndani ya mvuke wa iodini, lipidi hujitokeza kama madoa ya kahawia, kila aina kwenye kimo chake. Doa la ethanolamini lilikuwepo juu. Doa la kolini chini yake lilikuwa limefifia. Na chini kabisa, karibu na mahali nilipodondoshea sampuli, palikuwa na doa nene ambalo halikutakiwa kuwapo: fosfolipidi ya kolini iliyobaki na mkia mmoja. Panya alikuwa amekufa, hakuna kilichokuwa kinajengwa, lakini wabomoaji walifanya kazi wikendi nzima. Ni vimeng'enya viitwavyo fosfolipasi, na havingoji amri ya mtu.

Ndani ya seli hai wabomoaji hao wanafanya kazi bega kwa bega na wajenzi. Watafiti walipoilazimisha seli kuwa na CCT nyingi kupita kiasi, kasi ya kujenga ilipanda, lakini jumla ya fosfolipidi ya kolini haikupanda vivyo hivyo, kwa sababu kasi ya kubomoa nayo ilipanda. Seli inayojiandaa kugawanyika hufanya ujanja unaofanana na huo kinyumenyume: katika kipindi cha kunakili DNA ubomoaji hutulia, na utando unaongezeka bila wajenzi kulazimika kukimbia sana. Kwa hiyo utando wa ile seli ya pili, aliouuliza msichana wako, unapatikana kabla seli haijagawanyika, na sehemu kubwa yake inatokana na kuacha kubomoa.

Fosfolipidi iliyokatwa mkia mmoja si lazima iwe takataka. Mwaka 1958 William Lands alieleza jinsi inavyorudishiwa mkia mwingine, mara nyingi tofauti na ule wa kwanza. Hivyo mikia ya utando inabadilishwa baada ya nyumba kujengwa, kama mtu anayebadilisha mabati bila kugusa kuta. Mfano mkubwa uko kwenye mapafu. Seli fulani za vifuko vya hewa, kwa kimeng'enya LPCAT1, hutengeneza fosfolipidi ya kolini yenye mikia miwili iliyonyooka kabisa, na kuimwaga juu ya uso wa vifuko ili visinate vikijikunja. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati anaweza kuwa hajafikia hatua hiyo. Mary Ellen Avery na Jere Mead ndio walioonyesha mwaka 1959 kwamba upungufu huo ndio unaowakaba. Sindano ya steroidi anayopewa mama anapoelekea kujifungua mapema huiharakisha kazi ya mapafu hayo, pamoja na CCT yetu ile ile.

Sasa zile njia mbili. Kitabu chako hakikueleza, na vingine husema "njia ya akiba", kama tairi la nyuma ya gari. Mimi sikubali neno hilo.

Njia ya pili inaendeshwa na kimeng'enya kimoja, PEMT, na kwa kiasi cha maana inapatikana kwenye ini tu. Chenyewe kinachukua fosfolipidi ya ethanolamini iliyokwisha kamilika na kuivalisha vikundi vitatu vya methili (kaboni moja na hidrojeni tatu), kimoja baada ya kingine, mpaka inakuwa ya kolini. Karibu asilimia 30 ya fosfolipidi ya kolini ya ini hutoka huko, iliyobaki ni ya Kennedy. Dennis Vance na wenzake kule Alberta, Kanada, walitengeneza panya wasio na PEMT. Wakila vizuri, hutajua wana kasoro. Wakinyimwa kolini kwenye chakula, ini linashindwa kazi ndani ya siku 3 hivi.

Kwa nini ini? Kwa sababu ini ndicho kiungo kinachotoa fosfolipidi nje bila kupumzika, kwenye nyongo, na kwenye vifurushi vya mafuta kinavyovisafirisha kwa damu. Kifurushi kisipopata ganda la fosfolipidi ya kolini, mafuta yanabaki ndani, na ini linakuwa la mafuta. Njia ya Kennedy inategemea kolini iliyoliwa au iliyookolewa kutoka kwenye fosfolipidi za zamani. PEMT ndiyo njia pekee ambayo mwili wetu unatengeneza kolini mpya. Hiyo ni kazi tofauti, si akiba ya kazi ile ile. Tena mikia inatofautiana: zinazotoka PEMT zina kiasi kikubwa zaidi cha mikia mirefu yenye mikunjo mingi, kama ile ya mafuta ya samaki.

Hapa wasichana wa darasa lako watasikiliza zaidi: homoni ya estrojeni huiamsha jeni ya PEMT. Kwenye majaribio ya kuwapunguzia watu kolini, wanawake wa umri wa kuzaa kwa kawaida walivumilia kuliko wanaume na kuliko wanawake waliokoma hedhi. Ukitafakari, mimba ni wakati ambao kiumbe mwingine anajenga tando zake zote kwa kolini ya mama. Hata hivyo PEMT peke yake haitoshi, ndiyo maana mwaka 1998 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliiweka kolini kwenye orodha ya virutubisho vinavyohitajika kuliwa: miligramu 425 kwa siku kwa mwanamke, 450 akiwa mjamzito, 550 akinyonyesha, na 550 kwa mwanamume. Yai moja kubwa lina karibu miligramu 150, na karibu zote ziko kwenye kiini. Rolex ya mayai mawili, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa hiyo, imekupa 300 hivi kabla hujafika kazini. Kikomando, yaani chapati na maharage, hakifikii hapo, ingawa maharage yana kolini yake, na karanga pia. Posho tupu, yaani ugali mtupu, ndiyo inayonipa wasiwasi, na mabweni mengi nayajua.

Ya ethanolamini nayo ina njia mbili, na hapa mambo ni makali zaidi. Moja, ya kwenye retikulamu, inafanana na ya Kennedy hatua kwa hatua, ila kwa ethanolamini. Nyingine inaanzia kwenye ya serini. Mamalia hatutengenezi fosfolipidi ya serini moja kwa moja kama bakteria wanavyofanya, sisi tunabadilishana. Vimeng'enya viwili, PSS1 na PSS2, vinachukua fosfolipidi iliyopo, ya kolini kwa hiki na ya ethanolamini kwa kile, vinang'oa kichwa na kuweka serini. Panya akikosa kimoja anaishi, akikosa vyote viwili haishi. Kisha ya serini inavuka kuingia mitokondria, ambako kimeng'enya kilichokaa kwenye utando wa ndani kinaikata kaboni dioksidi moja, ikabaki ya ethanolamini. Ungedhani njia hizi mbili zinaweza kusaidiana. Wapi! Panya asiye na ile ya retikulamu hufia tumboni, na asiye na ile ya mitokondria hufia tumboni vilevile. Inaonekana mitokondria wanataka ile iliyotengenezwa nyumbani kwao, na kinacholetwa kutoka nje hakiwatoshi.

Hiyo ya serini inavukaje? Retikulamu ina maeneo yanayoegemeana na mitokondria kama maduka mawili yanayotumia ukuta mmoja. Jean Vance, mke wa Dennis niliyemtaja, alionyesha mwaka 1990 kwamba sehemu hiyo ya retikulamu iliyong'ang'ania mitokondria ina vimeng'enya vya fosfolipidi vilivyo hai sana. Kabla ya hapo wengi waliichukua kama uchafu ulioshikamana na mitokondria wakati wa kuwatenga. Uchafu tena!

Kuna tatizo moja ambalo msichana huyo atalifikia mwenyewe akipewa muda. Vimeng'enya vya hatua za mwisho vinafanya kazi upande mmoja wa utando, ule unaotazama saitoplazimu. Fosfolipidi mpya zinaongezeka upande huo tu. Utando una safu mbili; ukiongeza safu moja peke yake utapinda kama chapati iliyoachwa juani. Kinachookoa ni protini zinazozigeuza fosfolipidi kutoka safu moja kwenda nyingine bila kuchagua. Moja yake inaitwa TMEM41B, na ina uhusiano na Uganda usioupenda. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, navyo, pamoja na ndugu zake wa homa ya manjano, hujijengea vyumba vya kuzaliana kwa kuupindapinda utando wa retikulamu ya mwenyeji. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba seli isiyo na TMEM41B haiwafai kabisa virusi hivyo. Fundi wetu mwenyewe ndiye anayetumikishwa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kumwandikia mtu wa Busia bila kutaja malaria ni kama kukwepa salamu. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala retikulamu, kwa hiyo haijengi fosfolipidi kuanzia mwanzo. Kimelea cha malaria kinaingia kwenye nyumba isiyo na fundi, kikiwa kinahitaji utando wa kuwagawia watoto wake wengi. Kinakuja na vimeng'enya vyake, vikiwemo vya njia ya Kennedy, na kimoja ambacho sisi hatuna: kinavalisha methili kichwa cha ethanolamini kikiwa bado peke yake, kabla ya kufungwa kwenye lipidi, wakati PEMT yetu inangoja lipidi ikamilike. Kolini yake nyingi kinaichota kwenye ile fosfolipidi ya mkia mmoja iliyomo kwenye damu yetu, ndugu wa doa lile la friza. Mwaka 2017 ilichapishwa kwamba fosfolipidi hiyo ikipungua, vimelea vingi zaidi huacha kuzaliana ndani ya damu na kugeuka kuwa wale wa kiume na wa kike wanaongoja kunyonywa na mbu.

La kuonyesha darasani ni rahisi. Chukua chupa mbili za plastiki za maji, zisizo na rangi. Tia maji nusu kila moja, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia. Kwenye moja ongeza kijiko cha chai cha kiini cha yai kibichi, kisichochanganyika na ute. Wape wanafunzi wawili wazitikise kwa nguvu mpaka mhesabu 30, halafu ziwekwe mezani na wote watazame saa. Kwenye chupa isiyo na yai mafuta yatapanda juu ndani ya dakika chache na mstari utaonekana wazi. Yenye yai itabaki nyeupe kama maziwa mpaka kipindi kiishe. Fosfolipidi za kiini zimekizunguka kila kitone cha mafuta, mikia ndani, vichwa nje. Protini za kiini nazo zinasaidia, usiwafiche.

Msichana wako atakuuliza mbona hapo safu ni moja na utando una safu mbili. Mrudishie swali: ndani ya kitone kuna nini, na ndani ya seli kuna nini? Kitone kina mafuta, kwa hiyo mikia inaelekea ndani na kutulia. Seli ina maji pande zote mbili. Ataimalizia mwenyewe. Yai lililobaki mpelekee mama wa rolex nje ya geti.